Wezi Waliofukiwa na Makumbi

Kila masika yakianza, kitanda changu kinanuka. Si kunguni wala mkojo wa mtoto, msinidhanie vibaya. Ni harufu ya makumbi ya nazi yaliyokaa miezi ndani ya mchanga wa pwani, harufu ya yai viza lililotiwa chumvi, ambayo mgeni akiipata kwa mara ya kwanza huuliza kuna nini kimekufa. Mume wangu ameshaniambia mara nyingi tununue kitanda cha mbao na godoro la maana. Namjibu kwamba huu ndio urithi wangu, kama hautaki akalale barazani. Mvua inaponyesha nami nimelala chali, navuta harufu ile mpaka chini ya mapafu, kisha nakasirika. Nakasirika upya kabisa, kama jambo lenyewe limetokea leo asubuhi.

Nyinyi wa rika langu mnaikumbuka filamu ile. Mliiangalia kwenye vibanda vya video, mmebanana sakafuni, ikikwama mnapiga mluzi. Ilikuwa habari ya wezi wawili wa mjini, mmoja mrefu na mmoja mfupi, walioiba sanduku la dhahabu kwa sonara wakakimbilia shamba, wakalifukia pwani na kujifanya vibarua. Shamba likawabadilisha. Mrefu akajua kulima muhogo, mfupi akajua kupanda mwani, na mwisho wakalirudisha sanduku kwa mikono yao huku machozi yanawatoka. Ilitengenezwa kwa kamera moja na maikrofoni iliyofungwa kwenye mpini wa fagio. Kivuli cha mpiga picha kinaonekana mchangani, na masharubu ya polisi yanabanduka wakati anakamata watu. Mlicheka sana, na najua ni wapi mlicheka zaidi. Ni pale bibi kizee alipotokea mbio, kanga imemdondoka kichwani, anapiga ukelele "Hayajaiva! Hayajaiva hayo!", akawatupia wezi makumbi, akateleza, akakaa kitako kwenye maji.

Yule alikuwa bibi yangu, na hakuwa anaigiza.

Nililelewa naye, bibi mzaa mama, Bi Mize, katika kijiji cha upande wa mashariki, mwendo mfupi kutoka Uroa. Kazi yake ilikuwa kamba. Alikusanya makumbi, akayafukia pwani maji yakitoka, akayapanga na kuyakandamizia mawe, akayaacha miezi mingi yaoze mpaka nyama ya kumbi ilegee. Akiyafukua anayaponda kwa mti, anayaosha, zinabaki nyuzi laini za usumba, ndizo anazozisokota pajani. Kila mwanamke ana shimo lake na mawe yake, na kwetu shimo la makumbi halifunguliwi na asiyelifukia. Hata ndugu wa tumbo moja hathubutu. Ukiyafukua kabla ya wakati, basi tena: usumba hauachii, na kuyarudisha hakusaidii kitu. Wanawake walipopita kwenye mashimo yao waliulizana hali, kisha wakaulizana kama makumbi yameiva.

Na alikuwa na sauti. Wallahi sijasikia sauti kama ile kwa mtu mwengine. Nikiwa ng'ambo ya pwani nacheza na wenzangu, yeye akisimama mlangoni akaita mara moja, "Mjukuu weee!", nami huko niliko napiga "Naam!" na miguu imeshaanza kukimbia. Wenzangu walikuwa wananicheka kwamba naitika hata usingizini. Ilikuwa kweli.

Siku waliyokuja watu wa filamu, niliuliza ni akina nani, na mtu mzima mmoja akanijibu kwa haraka, "Wezi wa mjini, wameletwa shamba watengenezwe wawe watu." Nikalichukua neno hilo kama lilivyo. Sikuijua filamu ni nini. Nilichokiona ni watu wawili waliovaa matambara, wanalimishwa muhogo juani, na mtu mzima mwenye miwani na kofia ya kitambaa anawapigia kelele warudie tena na tena. Yule tulimwita Bwana Kamera. Nilimwona ni askari jela, tena mpole, kwa sababu aliwapa chai.

Nikawaonea huruma wezi wale. Nikapiga hesabu zangu za kitoto: ikiwa kumbi gumu linalainika kwa kukaa mchangani miezi yote ile, basi na mwizi akikaa shamba muda wa kutosha ataiva. Nikawa nawachunguza kila siku kuona wamefikia wapi. Yule mfupi nilimpelekea kipande changu cha mkate wa kumimina, akasema "Ahsante, mwanangu" na kunipigapiga begani. Nikaenda kumwambia bibi kwamba huyu mmoja anakaribia.

Bibi wakati ule alikuwa na shimo moja kubwa alilolitunza kuliko yote. Mamdogo wangu, binti yake wa mwisho, alikuwa anaolewa, na bibi alitaka kuwamba kitanda cha harusi yake kwa kamba aliyoisokota mwenyewe, kama yeye alivyowambiwa chake na mama yake. Yalikuwa yamebaki majuma machache tu makumbi yale yaive.

Sasa ndani ya hadithi yao wezi wanarudi pwani kufukua sanduku, wanasahau mahali, wanaangukia kwenye makumbi. Bwana Kamera alihitaji shimo. Ruhusa ya kupiga picha pwani alikuwa nayo, na pwani haina hati ya mtu. Akaona mawe yamepangwa vizuri, picha itapendeza, akawaambia wezi wake wachimbe. Hakumuuliza mtu mawe yale ni ya nani.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa nikaona makumbi ya bibi yanarushwa juu, meusi, yanatiririka maji, na wezi wawili wanajifanya kutapika kwa uvundo. Moyo ukaniuma. Nikajua hawajaiva hata kidogo. Nikakimbia kumwita bibi, na hilo sijajisamehe mpaka leo, kwa sababu nisingemwita mngemcheka nani? Alikuja kama alivyotoka jikoni, bila baibui, na yaliyobaki mlishayaona. Ninachotaka mjue ni kwamba Bwana Kamera alimwona anakuja, akamwambia mpiga picha, "Usizime." Nilikuwa karibu yake nikalisikia neno hilo kwa masikio yangu.

Walipomaliza, bibi alijifunga kanga yake iliyorowa na kumfuata. Aliongea taratibu, mimi nimeshika nguo yake.

"Mwanangu, makumbi mshayaharibu, basi, Mungu atalipa. Lakini hicho kipande kitoe, nnakuomba. Mie mtu mzima, nimeanguka kichwa wazi mbele za watu."

Bwana Kamera akacheka kidogo, si kwa ubaya, kama mtu anavyomcheka mtoto. "Bibi, hicho ndicho kipande kinachochekesha."

"Nnakuomba kwa haki ya mama yako."

"Tutaangalia, bibi. Usijali."

Mamdogo akaenda kwa mumewe na kitanda kilichowambwa kwa kamba ya nailoni ya dukani. Chakula cha harusi bibi hakukigusa.

Miezi ikapita. Siku moja baada ya alasiri wakarudi na televisheni, deki na jenereta, eti kushukuru kijiji. Tukajazana darasani skuli, madirisha yamezibwa kwa kanga na mikeka. Bibi alikuja na leso mpya, akakaa mbele, kwa sababu aliambiwa tutaangalia na yeye aliamini. Nilimkalia mapajani. Watu wakacheka walipoona muhogo wao, mbuzi wao, paa za nyumba zao. Kisha bibi akatokea ndani ya kioo, nywele zake nyeupe zote nje, akateleza, pwaa, na darasa zima likapasuka kwa kicheko.

Nami nilicheka. Lazima niliseme hili maana sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa juu ya mapaja yake, nikaona mtu ameanguka kwenye maji, kicheko kikanitoka kabla akili haijafika. Nilihisi mapaja yake yanakakamaa chini yangu. Akaniweka kando polepole, akasimama, akapita katikati ya watu akatoka nje.

Tokea siku ile hakupaza tena sauti. Akinitaka, anamtuma mtu au anakuja mwenyewe mpaka nilipo, ananigusa bega. Mara moja tu alikwenda mjini baada ya hapo, kumsindikiza mamdogo aliyekuwa anahamia Dar es Salaam. Pale bandarini Malindi hamali mmoja akamtambua, akaita "Bi Hayajaiva!", mwengine akaitikia, mara bandari nzima, mpaka wasafiri waliokuwa kwenye foleni wakajiunga bila kujua wanacheka nini. Bibi akamkabidhi mamdogo mzigo wake, akageuka. Boti ilikuwa bado haijang'oa nanga. Mjini hakurudi tena mpaka amekufa.

Narudi kwenye siku ya onyesho. Watu wa filamu walialikwa wali, vyombo vyao wakaviacha darasani. Niliingia. Nilikuwa nimemwona Bwana Kamera anavyobonyeza, nikabonyeza, deki ikatoa kanda. Sikujua kwamba ilikuwa kanda mama, ile ambayo nyengine zote hutolewa humo, na kwamba aliileta kwa sababu alitaka kijiji kione picha safi. Mimi nilijua kitu kimoja: wezi wamo ndani ya boksi hili jeusi, na bibi yangu amefungiwa nao. Wamekaa shamba siku chache tu, hawakuiva, ndiyo maana wamefanya walichofanya. Maji yalikuwa yametoka. Nikaenda kwenye shimo jipya la bibi, nikanyanyua mawe, nikaisukuma kanda katikati ya makumbi, nikayarudisha mawe kama yalivyokuwa. Niliwaambia, kwa sauti kabisa, "Kaeni humo muive."

Bwana Kamera alitafuta mpaka magharibi. Alimshutumu dereva wake, akataka kumpiga. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kidole mdomoni, na raha niliyoisikia siku ile sijaisikia tena hata siku ya harusi yangu.

Shimo lilipofika wakati wake, bibi alinichukua tukafukue. Nilikuwa nimeshasahau, mtoto ni mtoto. Akatoa kumbi, akatoa kumbi, kisha akatoa boksi jeusi limejaa mchanga. Akalipangusa, akaniangalia.

"Hii nini?"

"Wezi, bibi. Nimewafukia waive."

Akaligeuzageuza, maji yanamchuruzika mikononi.

"Na mie nimo humu?"

"Umo."

Akaliweka juu ya jiwe la kupondea makumbi, akalipiga kwa mti wake mara moja tu, likapasuka. Akauvuta ule utepe, mrefu usiokwisha, mweusi unang'aa, akauosha pamoja na usumba, tukaubeba nyumbani. Kwa siku nyingi nilimwona barazani anasokota: nyuzi za usumba, uzi wa utepe, nyuzi za usumba, uzi wa utepe. Kamba ilipotosha akawamba kitanda chake mwenyewe. Alipokaza fundo la mwisho alikipiga kwa kiganja na kusema, "Haya, walale chini yangu." Ndiyo mara ya kwanza nilimwona anacheka tangu siku ya onyesho. Akaniambia nisimwambie mtu, na sikusema. Alilala juu ya Bwana Kamera na wezi wake usiku baada ya usiku mpaka alipofariki, juu ya kitanda hichohicho.

Picha hakuacha hata moja. Kila aliyemnyanyulia kamera alijifunika uso. Watoto wangu wakiniuliza bibi yangu alikuwaje, nawaonesha kwa mikono: mrefu hivi, anatembea hivi. Sauti siwezi kuwaonesha. Uso wake ukikimbia, na mdomo wazi, ulikuwa mahali pamoja tu, na pahala hapo tulipasokota tukapalalia.

Mwaka jana mzee mmoja akashuka kwenye teksi mbele ya nyumba, ana bakora, kofia ya kitambaa na miwani mizito. Nilimjua kabla hajaufikia mlango. Nikampa shikamoo yake kwa sababu ni mtu mzima, lakini niliitoa kwa meno.

"Marahaba, mwanangu," akasema, akakaa palipokuwa karibu, na palipokuwa karibu ni kitanda.

Alikuja kwa ajili ya kanda. Kuna watu mjini wanataka kuonesha filamu za zamani pale Mji Mkongwe na kuwaenzi waliozitengeneza, naye wamemtaka alete yake. Hana. Zote zilizouzwa zimeota ukungu, au watu wamerikodia harusi juu yake. Aliambiwa na mtu wa kijijini kwamba siku ile ilipopotea kuna mtoto alionekana anakimbilia pwani.

"Nikifa leo, mwanangu, hakuna atakayejua kama nilifanya kitu duniani," alisema. Mkono wake ulikuwa unapapasa kamba. "Kitanda kizuri hiki. Kamba yake inang'aa. Kazi za zamani hizi."

"Za zamani sana," nikamwambia. Nilimtilia chai, mkono wangu umetulia kama wa mtu anayetia chai tu.

"Ni weye uliyeichukua?"

"Ni mimi. Niliifukia pwani, kwenye shimo la makumbi."

Machozi yalimlenga, akaniomba nimwoneshe. Sasa sikilizeni, maana nataka mnihukumu kwa haki. Njiani nilijiwekea sharti. Nilisema moyoni: tukifika, akiuliza shimo hili ni la nani, neno hilo moja tu, nitamrudisha nyumbani, nimwambie kila kitu, nimfungulie kitanda fundo kwa fundo, afanye atakavyo na utepe wake. Niliapa. Sikuwa natania.

Maji yalikuwa yametoka. Wanawake wanne watano walikuwa wanaponda makumbi yao. Nikamwonesha kwa kidole mahali palipopangwa mawe. Palikuwa pahala pa shimo la bibi, ila sasa ni shimo langu, na makumbi yangu yalikuwa na miezi miwili tu. Nikasimama, nikamsubiri. Alipandisha suruali, akaweka bakora chini, akapiga magoti na kunyanyua jiwe la kwanza. Akalitupa. Akanyanyua la pili.

Hakuuliza.

Nikatoa simu mfukoni, nikaanza kumrikodi. Makumbi yakaanza kuruka, meusi, uvundo ukapanda, akaziba pua kwa mkono mmoja na kuchimba kwa mwengine. Nilimwacha afike katikati. Kisha nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kimekaa humo ndani tangu nilipokuwa na urefu wa meza.

"We mzee! Hayajaiva! Hayajaiva hayo!"

Akageuka kwa mshtuko, mguu ukateleza, akakaa kitako kwenye maji, kofia ikamwanguka ikaelea. Wanawake waliacha kuponda, wakacheka mpaka mmoja akalala juu ya usumba wake. Hakuna aliyelitaja jina la bibi, ila wote walikuwa wanajua. Na yeye akajua. Niliona uso wake unavyojua, polepole, kutoka kwenye macho kwenda kwenye mdomo.

Nikampa mkono akanyanyuka, sikukosa adabu. Alipojikung'uta aliitazama simu yangu.

"Mwanangu, hicho kifute, nnakuomba. Mie mtu mzima."

"Hicho ndicho kipande kinachochekesha, mzee," nikamwambia.

Huwa ananipigia. Hajui mpaka leo kwamba aliikalia filamu yake na kunywa chai juu yake, na mimi sitamwambia. Ile video sijaituma kwa mtu na sijaifuta. Nimemwambia tutaangalia.

Usiku wa siku ile ya pwani, mume wangu na watoto walipolala, nilijinyoosha kitandani nikaiwasha, nione tu anavyoanguka. Mvua ilikuwa imeanza na harufu ya makumbi ilikuwa imetanda chumba kizima. Nilisahau kwamba simu inachukua na sauti. Mimi mwenyewe sionekani mle, nipo nyuma ya kamera. Lakini alipofika katikati ya shimo ikalipuka sauti kutoka pembeni, kali, ya mwanamke mtu mzima, ile ile iliyokuwa inavuka pwani nzima kunitafuta, na kabla sijakumbuka kwamba ni yangu, mdomo ulikuwa umeshaitika.

"Naam, bibi."